Nyumba Iliyoruka Salamu

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Mado alikaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni kwake Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, sinia la maharage mapajani, akitoa vijiwe. Maharage yalikuwa ya aina mbili, ya njano na yale ya madoadoa, kwa sababu muuzaji aliyachanganya akidhani hataonekana. Vijiwe alivitia katika kopo la maziwa ya unga. Kando yake, juu ya kabati la sahani, mashine ilikuwa ikinguruma.

Mashine hiyo ilikuwa seva. Lilikuwa sanduku jeusi la kompyuta ya ofisi, halina skrini, na mumewe Rigobert, fundi umeme, ndiye aliyelitengeneza kabla hajafa. Ndani yake aliweka filamu, tamthilia, na video za ndoa na ubatizo wa ukoo mzima. Mtu yeyote aliye ndani ya lupango, yaani kiwanja chao na vyumba vyake, aliweza kuziangalia kwenye televisheni au kwenye simu yake. Juu ya sanduku Mado alitandika kitambaa cha krosheti, nacho kilikuwa kimegeuka rangi ya chai kwa joto. Siku hizi aliweka hapo beseni la donge la mikate, likaumuka upesi kuliko juani.

Kwa upande wa mikate hakuwa na malalamiko. Taabu ilikuwa betri. Umeme wa mjini ulikuja na kwenda ulivyotaka, na Rigobert alikuwa amefunga paneli za jua na betri za kutosha nyumba nzima. Sasa mashine ilizimaliza zote kabla ya jioni, friji ikanyamaza, na munkoyo wa Mado, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, ukachacha hadi chupa zikarusha vifuniko.

Mado hakuwa mtu wa kuamini upesi. Alimwita Aristote, mpangaji wa chumba cha nyuma, dereva wa teksi aliyerudi mchana kupumzika.

"Aristote, ni weye unakulaka ile mashine?"

"Mama Lydie, mashine banaikulaka namna gani? Miye mwenyewe sijakula tangu asubui."

"Unaangaliaka ba filme."

"Filme moja. Na naangaliaka nusu, kisha nalala. Nusu ingine nani anaiangaliaka?"

"Njo ile nakuuliza."

Alibadilisha neno la siri la mtandao wa nyumba, Aristote akakaa bila filamu, na mashine ikaendelea kunguruma vilevile. Mado hakumwomba msamaha ila alimpelekea mikate. Kisha alimshuku panya, akatega. Alimshuku kuku mwekundu aliyependa kulala juu ya kabati, akamfungia nje. Alimshuku hata fundi wa redio wa barabara ya chini, ambaye hakuwahi kuingia nyumbani humo, kwa sababu tu alikuwa akisalimia akiangalia waya.

Kulikuwa na mambo mengine pia, lakini hakuna aliyeyaunganisha na mashine. Mado alikuwa akiweka maji ya chai kwenye makaa, na hapohapo akajikuta ameshika kikombe, chai imeshatiwa sukari, ameshakunywa funda moja. Jirani yake Séphora aliingia kuomba chumvi, na wote wawili wakajikuta chumvi iko mkononi mwa Séphora na neno lililo kinywani ni aksanti. Kikundi cha rozari kilikuja kusali sebuleni, kikajikuta katikati ya fumbo la tatu, kila mama akiwa ameshika punje iliyo sawa. Mkuu wa kikundi alisema ni neema, na mahudhurio yakaongezeka. Mtaani walisema tu, "Kwa mama Lydie mambo inaendaka mbio," wakaendelea na shughuli zao.

Jambo lililomsumbua Mado lilikuwa shemeji yake Ephraïm.

Ephraïm, mdogo wa Rigobert, aliishi Kilwa, ile ya kando ya ziwa, na barabara ya Kilwa inajulikana kwa mashimo yake. Hata hivyo, tangu tanga la Rigobert liishe, alikuwa akija Jumapili kwa Jumapili. Na kila Jumapili Mado alimkuta akiwa amesimama kuaga. Pakiti ya samaki waliokaushwa ilikuwa kwenye meza ya karibu na mlango, gilasi ya maji imekwisha, na Ephraïm akisema, "Bon, mama Lydie, tutaonana." Nyuma yake alisimama bwana mmoja mwembamba aitwaye Mwenya, jirani yake wa Kilwa.

Mado aliyageuza mambo hayo kichwani kama anavyogeuza maharage. Mtu gani anapanda lori siku mbili kuja kuaga? Tena samaki walikuwa wakubwa, wenye vichwa. Tena Ephraïm alikuwa ameacha kuingia ndani. Mara ya kwanza Mado alimkuta akiinuka ndani, kitini kama watu. Toka hapo alimkuta akiinuka kwenye kigoda nje ya kizingiti, akisema mgongo unapenda hewa.

Alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimoja, na alikijua. Lupango ulikuwa wa Rigobert, na Rigobert alikuwa wa watu wa Kilwa. Katika ukoo wao, mali ya marehemu haiuzwi mpaka mjane aulizwe mbele ya shahidi. Akikataa, hakuna anayeigusa; akinyamaza, amekubali. Mado alikuwa na jibu lake tayari tangu siku ya maziko. Alikuwa akingoja tu kuulizwa.

Lydie, binti yake, alikuja kutoka Luano, ambako alitunza kompyuta za ofisi moja ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Alivua viatu, akagusa mashine, akaondoa mkono.

"Mama, unaweza kukaanga yai hapa."

"Ni mikate tu. Angalia kwanza nani anaiba umeme wake."

Lydie aliunganisha kompyuta yake ndogo, akakaa sakafuni. Alimwonyesha mama yake mstari mwekundu uliopanda hadi juu kabisa na kukaa huko. Huo, alisema, ni prosesa, ubongo wa mashine. Hakuna mtu anayeangalia filamu, lakini ubongo unafanya kazi mia kwa mia. Basi si mwizi wa nje. Ni mmoja wa visaidizi.

Visaidizi vilikuwa programu ndogo alizoongeza Rigobert, kila moja na kazi yake. Kimoja kilitafuta picha za kupamba majina ya filamu. Kingine kiliandika maneno ya Kifaransa chini ya picha. Cha tatu kiliruka mianzo ya tamthilia. Rigobert hakuvumilia ule wimbo wa mwanzo unaorudi kila siku na watu walewale wanaogeuka polepole kwenye upepo. Hakuvumilia mianzo ya aina yoyote. Hata alipomposa Mado aliingia kwao akasema, "Nimekuja kwa binti yenu," na wazee walimtoza mbuzi kwa kuruka salamu.

"Sasa tutajua namna gani ni kipi?" Mado aliuliza.

"Tunazima byote. Kisha tunawasha kimoja, tunaangalia. Kikiwa muzuri tunawasha kingine."

"Ah. Kama kuku wa kudonoa mayai. Unafungia bote, unafungulia mumoja mumoja."

"Njo vile, mama. Na kuku tukimupata?"

"Tunamukula."

Waliwasha cha picha, mstari ukabaki chini. Waliwasha cha maneno, ukapanda kidogo, ukashuka. Waliwasha cha kuruka mwanzo. Feni ilipiga kelele, kuku mwekundu akapiga kelele nje, na mstari ukapanda juu kabisa.

Lydie alisoma kwa muda mrefu, akikuna kichwa kwa kalamu. Kisha akaeleza. Kisaidizi hicho kinasikiliza mianzo yote na kuilinganisha. Kitu kinachorudi vilevile kila mara, kinakiita mwanzo, na kinakiruka. Kwa tamthilia, kazi hiyo inaisha. Lakini Rigobert alikuwa ameweka kamera ndogo ya mlango, inayoona baraza na sebule, na kamera inahifadhi kila mgeni ndani ya mashine hiyohiyo. Kisaidizi kilidhani wageni ni tamthilia, na kila mgeni ni sehemu mpya. Kimekuwa kikilinganisha salamu zote za nyumba.

"Na wageni habaishake," Lydie alisema.

"Na salamu yetu iko mingi," Mado alisema. "Batoto, kazi, magonjwa, mvua. Mashine itapumzika wapi?"

Hivyo ikajulikana kwa nini chai ilinywewa kabla ya kuchemshwa. Wote waliokuwa ndani, karibu na mashine, walirushwa mwanzo. Aliyekaa nje ya mlango hakurushwa. Mado aliacha kuchagua maharage.

"Nionyeshe Ephraïm," alisema.

Lydie alifungua Jumapili moja. Ilianzia kwenye kuaga: gilasi tupu, tutaonana. Alifungua nyingine, kuaga. Kisaidizi kilikuwa kikiruka hapo pia. Akakizima. Feni ilishuka sauti, ikatulia, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze walisikia saa ya ukutani.

Waliangalia tangu mwanzo. Ephraïm aliweka samaki, akavuta kigoda chake nje ya kizingiti, akaita Mwenya asogee. Mado wa kwenye picha alikuwa ndani, sinia mapajani, macho wazi, mikono imetulia juu ya maharage. Hakupepesa. Alikuwa kama mtu aliyeacha koti lake kitini.

"Jambo yenu," alisema Ephraïm. "Mulilamuka muzuri? Batoto beko? Na mavuno? Na magonjwa? Siye ku Kilwa tuko, ziwa iko, mvua inanyesha kidogo. Na lupango ya kaka tunapenda kuuzisha, shemeji, ukikatala sema. Mungu atusaidie. Amina."

Akangoja. Mado wa kwenye picha hakusema. Ephraïm alimgeukia Mwenya, Mwenya akaitikia kwa kichwa. Baadaye Ephraïm aliinama akanyoosha mkono ndani, akachukua gilasi mezani, akanywa maji, akasimama. Hapo Mado wa kwenye picha akapepesa, akasema, "Oh, shemeji, unaenda?"

Jumapili iliyofuata aliyasema maneno yaleyale, kwa mpango uleule, kwa sauti ileile, bila kubadili hata pumzi. Na iliyofuata. Ndiyo maana kisaidizi hakikumshuku. Kinachorudi vilevile ni mwanzo.

"Alijua," alisema Lydie. "Ile mara ya kwanza aliingia, alirukwa naye. Akatoka akafikiri."

"Ephraïm ku masomo alikuwa wa mwisho," Mado alisema. "Kumbe alikuwa anapumzika."

Mnamo siku zilizofuata, mianzo iliyorukwa ilianza kurudi. Asubuhi Mado alijikuta akichemsha maji mengi asiyoyahitaji, birika moja baada ya jingine, ya chai zote alizokwisha kunywa. Séphora alikuja akasimama mlangoni akaomba chumvi ya zamani, na Mado akampimia hewa katika kiganja, wakacheka, akaondoka. Kikundi cha rozari kilirudi kumalizia mafumbo ya kwanza na ya pili, na mama mmoja mnene alilalamika kuhusu magoti. Ilieleweka kwamba kila kilichorukwa lazima kipite.

Kati ya siku hizo walikwenda kwa mzee Ruben, mkubwa wa watu wa Kilwa waliokuwa Lubumbashi, ambaye ndiye aliyekata maneno ya ukoo. Lydie alibeba video ndani ya simu. Mado alivaa kitenge chake cha maziko ya Rigobert ili mzee akumbuke. Walisalimia vizuri, bila kuruka kitu. Kisha mzee Ruben akavaa miwani, akaangalia Jumapili zote, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha. Mahali fulani alisinzia, Lydie akarudisha nyuma.

Mwishowe alivua miwani.

"Ephraïm alikuuliza muzuri," alisema. "Na salamu, na samaki, na shahidi. Vraiment, alifuata desturi. Weye ulinyamaza."

"Nilirukwa, mzee."

"Tunajua. Batu yote banajua kama kwako mwanzo inarukwaka. Bibi yangu alikuja kwako kusali, akarudia mapema, nikafurahi."

"Basi mtu mwenye kurukwa anakubali namna gani?"

"Namna hii." Alinyoosha kidole kwenye simu, pale Mado alipokuwa amekaa na macho yake wazi. "Muntu yeyote mwenye kuangalia iyi, ataona mwanamuke anaulizwa, ananyamaza. Ni nyinyi benyewe mulileta."

Lydie alisema kwa sauti ambayo si ya kwa wazee, "Baba, alijua mama hamusikii! Alikaa inje kwa kusudi!"

"Kukaa inje haiko kosa, binti. Na mgongo wake unauma kweli."

Mado alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. "Salamu zinarudi," alisema. "Za Ephraïm nazo zitarudi. Safari hii nitakuwa ndani ya mwili wangu. Nitajibu."

"Utajibu, na njo adabu," alisema mzee Ruben kwa upole. "Mais lupango ilisha kuuzwa. Kwa ile pesa balisha kununua mutumbwi wa mashini. Mambo ilisha kupita mwanzo, mama Lydie. Huwezi kuzuia mvua kwa kukataa wingu la jana."

Akawasindikiza hadi barabarani na kuwaulizia teksi.

Jumapili Ephraïm alikuja bila samaki. Mwenya alikuwa nyuma yake, na nyuma ya Mwenya, nje ya uzio, lilisimama lori la matofali. Mnunuzi, bwana mwenye kofia ya ngozi, alibaki kwenye kiti cha mbele akiongea na simu. Ephraïm alisimama kizingitini akatega sikio. Mashine ilikuwa kimya, kitambaa kimefuliwa, beseni la mikate limerudi juani. Aliposikia kimya, aliridhika, akaingia ndani kwa mara ya pili tangu kaka yake afe, akaketi kitini kama watu.

Alifungua kinywa aombe ufunguo. Kilichotoka kilikuwa: "Jambo yenu. Mulilamuka muzuri? Batoto beko?"

Akafunga kinywa. Kikafunguka tena. Alitoa mavuno, alitoa magonjwa, alitoa ziwa na mvua, kwa sauti ileile ya Jumapili ile, akafika kwenye lupango ya kaka, shemeji, ukikatala sema.

"Ninakatala," alisema Mado.

Mwenya aliitikia kwa kichwa, maana alikuwa shahidi.

"Mungu atusaidie. Amina. Jambo yenu," alisema Ephraïm, na Jumapili ya pili ikaanza.

Mado alijibu kila salamu kwa jina lake. Batoto beko. Magonjwa tunashukuru. Na kila ilipofika zamu ya lupango, alisimamisha mikono juu ya maharage, akaangalia kamera ya mlango, akasema, "Ninakatala," wazi, kama anayejibu padri. Lydie, aliyesimama kando ya kabati, aliona taa ndogo ya kamera inawaka. Ephraïm alitokwa na jasho. Alipewa maji, akanywa kati ya Jumapili mbili. Aristote alitoka chumba cha nyuma na taulo shingoni, akasimama dirishani kusikiliza.

"Mama Lydie, iyi ni serie gani?"

"Nyamaza, utamukosesha."

Nje walifungua ubavu wa lori. Mzigo wa kwanza wa matofali ulimwagwa ndani ya uzio, pale Mado alipokuwa amepanda lenga-lenga, mchicha wake wa mboga, vumbi jekundu likaingia hadi sebuleni na kutua juu ya mashine. Kuku mwekundu alikimbia. Ephraïm alikuwa kwenye ziwa iko, mvua inanyesha kidogo.

Jumapili ya mwisho ilipokwisha alijaribu kinywa chake, akikifungua na kukifunga. Hakuna kilichotoka. Alijipangusa uso kwa kitambaa, akaufikicha mgongo.

"Bon," alisema, kwa sauti yake ya kawaida. "Umekatala, nimesikia. Mwenya naye amesikia. Mais matofali njo ile iko inje. Shemeji, lete ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kwenye ncha ya kitenge cha Mado, umefungwa fundo. Lydie aliuangalia. Mwenya aliuangalia. Mado alishusha sinia chini, akapangusa mikono, akaketi vizuri.

"Utaupata," alisema. "Salamu yako imeisha. Yangu bado."

Ephraïm alitazama nje, kwenye lori, kisha akamtazama Mwenya. Mwenya alitazama chini. Mjane anaposalimia, huwezi kumwacha hewani. Hata mnunuzi alikuwa na mama.

"Batu ya Kilwa beko?" Mado aliuliza.

"Beko," alisema Ephraïm.

"Na bibi yako? Na mguu wake?"

"Mguu umepona."

"Upande gani ulikuwa?"

"Wa kushoto."

"Na mama Chama, ule mwenye kuuzisha chumvi pa bandari?"

"Mama Chama alisha kufa."

Mzigo wa pili wa matofali ulimwagwa. Mado alingoja vumbi litulie. Kisha akachukua gilasi ya shemeji yake, akaijaza maji, akaiweka mbele yake.

"Pole sana," alisema. "Alikufa namna gani? Anzia ku mwanzo."